Nsimire Alipoulizwa Majina ya Vijito

Niliondoka nyumbani nikiwa na wivu, na ni afadhali, ndugu zangu wa kijiji, mlisikie hilo kutoka kwangu mwenyewe. Kijiji chetu kilipotakiwa kupeleka mtu Gisenyi, nchini Rwanda, aeleze mbele ya wanasheria jinsi sisi Wambuti tulivyofukuzwa msituni, mlimchagua Nsimire, binti wa baba yangu mdogo, kwa sababu amesoma na anajua Kifaransa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili siku ile ya kufukuzwa. Nilimbeba Nsimire mgongoni, mtoto mchanga, tukishuka mlima mzima. Sasa niliambiwa nimsindikize tu.

Jumatatu asubuhi tulipanda boti kutoka kisiwani kwetu. Nsimire alikaa mbele karibu na nahodha, na bahasha ya karatasi magotini. Mimi nilikaa nyuma kati ya magunia ya mananasi, nikimtazama yeye kuliko nilivyolitazama ziwa. Alivaa kitenge kipya walichomshonea akina mama wa kanisa. Mimi hakuna aliyenishonea kitu.

Mchana tulishuka Goma, tukafika Grande Barrière, kituo cha kuvukia mpaka kuingia Rwanda. Tulipanga foleni na wanawake wenye mabeseni ya nyanya. Afisa alimuuliza Nsimire anakwenda kufanya nini, akajibu kwamba anakwenda kutoa ushahidi. Nilipofika mimi nilisema, "Niko pamoja na huyu." Hakuniuliza zaidi, na hilo nalo liliniuma.

Huko Nengo, mtaa wa Gisenyi, tulipokewa na Mama Solange, mjane aliyezaliwa Congo na kurudi Rwanda akiwa mtu mzima. Alitupikia viazi na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akamuuliza Nsimire mambo mengi kuhusu kesi. Mimi aliniuliza kama nimeshiba.

Jumanne, saa tatu, tuliingia katika ukumbi mdogo karibu na ziwa. Mwanasheria aliyetuita, Maître Agnès, alieleza taratibu. Alisema kufukuzwa kwetu si jambo la kuhurumiwa tu, ni jambo la sheria. Tulipaswa kuulizwa kwanza, nasi tukubali au tukatae. Alisema Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu unawapa watu wote haki ya mazingira yanayowafaa, na kwa watu kama sisi mazingira hayo yalikuwa msitu wenyewe: asali, dawa, makaburi, mahali pa kuomba.

Nsimire alizungumza vizuri. Alipomaliza, Maître alimuuliza: Mlichota maji kwenye vijito gani? Bibi zenu wamezikwa wapi? Mtoto akiharisha, mlichemsha ganda la mti upi?

Nsimire akageuka kunitazama. Nilijua kila jibu. Niliangalia mikono yangu. Siwezi kuwaficha, ndugu zangu, nilifurahi. Nilitaka aaibike hapo, mbele ya watu wote, ili mjue mlikosea.

Akasema, "Mi sijue, Maître. Nilitoka kule nikiwa mgongoni mwa huyu yaya wangu, ndugu yangu mkubwa. Yeye anajua. Tangu utoto ninamuonea wivu. Yeye anaota usiku ameenda kule. Mi hata ndoto sina."

Maître aliacha kuandika. Kisha akasema taratibu, "Hiyo nayo ni hasara. Tutaiandika."

Tulipopumzika kwa chai, Nsimire alitoka nje akasimama ukutani. Nilimfuata. Hakunilaumu. Aliniuliza tu bibi yetu alizikwa wapi. Nilimwambia: chini ya jiwe jeupe, juu ya kijito cha pili, upande jua linakochomoza. Yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa, kabla ya mwanasheria.

Alasiri nilizungumza mimi, kwa Kihavu, lugha ya nyumbani, naye Nsimire akatafsiri. Nilitaja vijito, makaburi, na miti na kazi ya kila mmoja. Majina mengine aliniomba niyarudie mara mbili, na niliona hayakuwa yakirudiwa kwa ajili ya Maître. Mwisho tulitia sahihi sote wawili. Maître alituonya kwamba kesi kama hii huchukua miaka, na kwamba tunaweza kushindwa.

Jumatano tulivuka mpaka, tukapanda boti. Safari hii tulikaa pamoja. Nilimwambia kwamba nilinyamaza makusudi. Akasema, "Nilijua, yaya. Nilikuona."

Nimewaandikia haya kwa sababu wengi mmeniuliza tumeleta nini. Majibu bado. Lakini miaka yote hii niliamini kwamba walioibiwa msitu ni sisi tunaoukumbuka, na kwamba Nsimire alipewa nafasi iliyokuwa yangu. Mimi nilinyang'anywa mahali. Yeye alinyang'anywa hata kumbukumbu ya mahali hapo, akaenda kuutetea msitu asioukumbuka, mbele ya ndugu aliyekuwa akingoja ashindwe.

Wivu haujaisha wote. Wakituita tena Gisenyi, msinitume peke yangu.