Pamba Kavu Juu ya Kibofu

Pamba ile niliiweka mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya matroni wawili, madaktari watatu na mume wangu.

Ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, Lushoto, enzi za vijiji vya ujamaa. Naomi wa Shume alijifungua mtoto ambaye kibofu chake cha mkojo kilikuwa wazi juu ya tumbo, chekundu. Mimi, mkunga mwenye cheti kipya na viatu vya kubana, nilikifunika kwa pamba kavu. Ikagandamana. Kuibandua kukachuna utando, kidonda kikaoza, na mtoto hakumaliza juma.

Naomi aliposhika mimba tena, alikuja kliniki na mama mkwe wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nesi, akizaa kitu kile tena, namrudisha kwao."

Daktari wa wilaya alinivuta pembeni. "Sista, usiwaambie neno. Andika 'kawaida', waende."

"Hiyo kawaida nimeionea wapi, daktari?"

"Nitakuhamishia Kwamkoro, kule mashambani!"

"Kwamkoro nako wanazaa."

Mashine ya kuchungulia tumboni hatukuwa nayo. Nilipapasa, nikasikiliza moyo kwa kipembe cha mbao, na kibofu hakisikiki kwa kipembe. Nikawaambia hivyo hivyo: sioni ndani. Kasoro ile hutokea mimba ikiwa changa mno, wala si kosa la mama. Mara nyingi mtoto anayefuata huzaliwa mzima. Ikijirudia, kibofu kifunikwe kwa kitambaa laini kilichochemshwa, kilicholoweshwa maji ya chumvi kidogo yaliyochemka yakapoa, na mje siku hiyohiyo. Wapo wapasuaji wa kukifunga.

"Na ile pamba aliweka nani?" mama mkwe akauliza.

Mimi, shujaa wa ukweli, nikajibu: "Mhudumu."

Naomi alitazama viatu vyangu.

Kwamkoro nilipelekwa kweli, zahanati ya mashamba ya chai. Sasa nimestaafu, nimesoma hadi chuo kikuu, na bado nasema mama aambiwe tunachokijua na tusichokijua. Daktari yeyote anayebisha aje tubishane.

Kule Kwamkoro, simu ilikuwa ofisini kwa meneja wa shamba. Siku moja niliitwa mbio. Alikuwa mkunga mwenzangu wa Shume, akicheka.

"Naomi kajifungua. Wa kike, kibofu kiko ndani, kanikojolea mpaka kwenye soksi! Bibi yake hataki kumwachia mtu."

Nikakaa kwenye kiti cha meneja bila ruhusa.

"Halafu Naomi anasema alikuona ukiweka ile pamba. Na kitambaa alikichemsha, kama ulivyomwambia."