Visanduku Vinne vya Juu ya Gari

Nasimiyu hajui kutulia. Hata chumbani kwetu Industrial Area, ambako tunalala wanne, utamkuta anakunja nguo ambazo tayari zimekunjwa. Kwa hiyo kampuni yetu ya ulinzi ilipompanga asimame mahali pamoja siku nne, kwenye maonyesho ya silaha hapa Doha, nilicheka. Mimi nilipewa mlango. Yeye alipewa kamba nyekundu iliyozungushiwa gari la deraya, na kazi yake ilikuwa kuwazuia wageni wasiliguse.

Juu ya gari hilo kulikuwa na visanduku vinne vya chuma, na nyuma yake skrini kubwa iliyorudia filamu moja asubuhi hadi jioni. Roketi inakuja, rada ya gari inaiona, kisanduku kinafyatua, roketi inapasuka hewani kabla haijafika. Gari linaendelea na safari kama vile hakuna kilichotokea. Nasimiyu aliipenda filamu hiyo kupita kiasi. Mdogo wake, Nahashon, ni askari wa miguu kwenye kikosi cha kulinda amani, katika nchi ambayo mama yao hataki hata kuisikia ikitajwa redioni. Naye Nahashon alikuwa amemtumia picha ya magari mapya waliyoletewa ya msaada. Juu ya kila moja kulikuwa na visanduku vinne vilevile.

Jumatatu hiyo, siku ya kwanza, kabla hata ya kuvua viatu vya kazi, alimrekodia ujumbe wa sauti. Nilikuwa pale, nikasikia kila neno.

"Nahashon, mkienda doria, tembea karibu na gari. Usiliache hata hatua mbili. Hiyo kitu inapiga roketi kabla ifike."

Akalala fofofo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Jumatano asubuhi, alipoitazama filamu labda kwa mara ya mia tatu, akagundua kwamba haina watu. Gari liko peke yake jangwani, hakuna anayetembea kando yake. Jambo hilo likamkera. Akamfuata mhandisi wa lile gari, mzee mpole aliyekuwa akinywa kahawa, akamuuliza wale wa miguu husimama wapi. Mzee akamjibu bila kuficha kwamba husimama mbali. Kisanduku kikifyatua, vipande vya chuma hutawanyika, na aliye karibu anaweza kuuawa na kinga yenyewe. Wanaolindwa ni wale waliomo ndani.

Nilimwona akija mlangoni kwangu, kamba ameiacha, uso umesawijika. Simu zetu zilikuwa zimefungiwa kwenye kabati la Benard, msimamizi wetu, Mkenya mwenzetu anayefuata sheria kuliko hata walioziandika. Doria ya Nahashon ilikuwa itoke kesho yake alfajiri. Benard akasikiliza, akasema tungoje mapumziko. Nasimiyu hakupiga kelele.

"Benard, nimemwambia mtoto wa mama yangu asimame pale atakapofia."

Benard akatoa ufunguo. Sikuwahi kumpenda mtu huyo kabla ya siku hiyo.

Ujumbe wa pili ukatumwa, ukabaki na tiki moja, haujamfikia. Mapumziko yalifika, tiki ni moja. Tukapanda basi la kampuni, bado ni moja, na ule wa Jumatatu unazo mbili za buluu, yaani alishausikia. Alhamisi kutwa Nasimiyu alilizunguka lile gari ndani ya kamba mpaka wageni wakadhani ni sehemu ya maonyesho. Chai niliyompelekea aliishika mpaka ikapoa. Sitaki kudanganya, na mimi niliogopa. Nilikuwa nikikagua vitambulisho huku nasali.

Ijumaa, tukitoka kanisani Mesaimeer, simu ikalia mkobani. Ulikuwa ujumbe wa Nahashon. Walikuwa wamerudi salama, na sauti yake ilijaa kicheko.

"Sista, tulia. Hizo boksi ni tupu. Zilikuja hivyo, risasi zake hazikuletwa. Sisi tunawekanga vitunguu."

Nilicheka hadi nikashika ukuta. Siku mbili tumekonda kwa ajili ya kasha la vitunguu! Nasimiyu hakucheka. Akaisogeza simu mdomoni, akauliza taratibu.

"Sasa roketi ikikuja?"

Tulisimama juani tukingoja. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Tunatembea tu, sista."

Nikajuta kucheka. Tulipofika chumbani alikunja nguo zake zote upya, moja moja. Zilipokwisha akaniomba zangu, nikampa.