Mama wa Msichana Mteule

Julienne tunamwita Mama Exaucée, na hilo jina limemkaa kuliko kitenge chochote anachouza. Kule Bukavu aliomba mtoto miaka mingi, Mungu akamsikia, akampa mmoja, akamwita Exaucée, yaani aliyejibiwa ombi, na tangu siku hiyo hajamwachilia. Hapa Nateete anapita na vitenge kichwani, mtoto ubavuni. Exaucée alifikisha miaka kumi na saba bila kuvuka barabara kubwa peke yake. Hata bombani mama yake alimsindikiza, labda jerikani ingemteka.

Kwa kuwa hakwenda popote, mtoto akaanza kusoma. Sokoni kuna mtu anauza vitabu vikuukuu, vinene, vyenye joka kwenye jalada. Alinisimulia viwili vitatu tukichambua mchele, nami nikaelimika. Kumbe msichana wa miaka kumi na sita, asiyeosha hata sufuria aliyolia, ndiye anayengojwa na unabii wa kale ili aokoe ufalme. Wote ni wateule. Sijasikia hata mmoja aliyeteuliwa kuchambua mchele. Na hawezi kukua mpaka mama yake afe. Sisi tulikua mama zetu wakiwa hai. Pengine ndiyo maana hatukuokoa ufalme wowote.

Basi kanisa likatangaza Jumapili ya vijana, kila mmoja alete kipaji. Exaucée akaandika hadithi yake mwenyewe. Lakini kwetu kipaji hakipandi madhabahuni kabla hakijapita mbele ya kikundi cha maombezi siku ya Jumamosi. Hata ngoma mpya tuliiombea kwanza, isije ikawa na mambo yake. Mimi nimo katika kikundi hicho, kwa neema ya Mungu.

Mtoto akasimama, akasoma. Mstari wa pili, mama akafa.

Mama Pélagie, kiongozi wetu, akainua mkono. "Ngoja. Nani amekufa?"

"Mama wa yule msichana."

"Na mama yako amekaa hapa anasikia? Ulimi huumba, mwanangu. Hilo neno tunalikataa."

Tukalikataa. Halafu, kwa upole wote, tukamsaidia kuandika. Mama afufuke. Joka litubu, hapana, mmoja akasema, joka liko katika Ufunuo na halitubu, lifungwe tu. Moto unaotoka mkononi mwa msichana uwe wimbo. Na kwenda mlimani aende na mama yake, maana binti mwenye adabu hatembei ovyo. Ilikuwa hadithi safi sana. Shida yake ilikuwa moja, haikutoka nje ya nyumba.

Exaucée alikuwa ameshaanza kukunja karatasi. "Basi sitasoma," akasema taratibu. "Mama akiwa hai, msichana hatafika mlimani."

"Kwa nini asifike?" akauliza Mama Pélagie. "Mama anamzuia?"

Sisi wote tukajitahidi tusimtazame Julienne, tukamtazama.

"Anamzuia," akasema Julienne. "Namjua huyo mama. Atasema mlimani kuna baridi. Wakifika nusu ya njia atasema mguu unamuuma, warudi. Mwacheni afe, Mama Pélagie."

"Julienne. Unajiombea kifo kanisani?"

"Mimi kesho nitakunywa chai yangu. Huyo wa kwenye karatasi ndiye afe, tena mapema, mtoto apate kutembea mchana."

Mama Pélagie akatafuta andiko la kumpinga. Likamjia lile la punje ya ngano isiyozaa mpaka ianguke ardhini ife, nalo halikumsaidia.

Jumapili Exaucée alisoma yote, pamoja na joka ambalo halikutubu. Julienne alikaa kiti cha mbele, akasikiliza mazishi yake mwenyewe mpaka mwisho. Kisha akalalamika kwamba alizikwa bila watu kupewa hata uji.

Tulipotoka, mtoto akamwendea mama yake pamoja na rafiki yake Aol, binti wa askari magereza. "Mama, Aol ananialika kwao, Luzira, ng'ambo ya mji."

"Nani atakusindikiza?"

Nikaona vidole vya Julienne vimeshika mkoba wa mtoto, kama kawaida. Akauachia.

"Mimi si nimekufa," akasema. "Maiti haisindikizi mtu. Nenda, na urudi kabla ya giza."

Nimeosha maiti nyingi katika maisha yangu. Hiyo ndiyo ya kwanza niliyoiona imesimama kando ya barabara, imenyoosha shingo, mpaka mtoto akapotea kwenye kona.