Mkwe Akiingia Wodini

Mama mkwe wangu hakuwahi kula mbele yangu. Akija kwetu Lizaboni kutoka Madaba, nilimsalimia nikiwa nje ya mlango, "Shikamoo mama," naye aliitikia marahaba huku amevuta khanga hadi puani, macho ukutani. Ndivyo tunavyoheshimiana huku na wakwe. Wanangu walitucheka. Mimi niliupenda umbali ule. Miaka yote hatukuwahi kukwaruzana.

Kiharusi kilimwangusha akipepeta mahindi. Upande wa kulia ukafa, mdomo ukapinda. Daktari alisema dalili zote ni za mshipa uliopasuka na damu kuvujia ubongoni. Mashine ya kupiga picha ya kichwa ilikuwa mbali, na safari ile pengine ingemmaliza njiani. Basi akabaki kumpima kwa macho na mikono yake.

Daktari mwenyewe alikuwa mtu mpole, mgeni huku kwetu. Alimwita, akamfinya, akamwomba ainue mkono. Kimya. Mke wangu akamuuliza swali moja tu: "Atarudi kuwa mama?"

"Kuishi, anaweza kuishi. Ila kurudi alivyokuwa, dada yangu, siwezi kukudanganya."

Hapo ndipo nilipoingia na chupa ya uji. Nikasalimia kama kawaida, nikiwa nimesimama mbali. Mkono wake wa kushoto ukaanza kupapasa kitandani. Ukapata pindo la khanga, ukaivuta polepole mpaka ikamfunika uso.

"Umeona, daktari?" mke wangu alipiga kelele. "Anamjua mkwe wake!"

Ilibidi tumweleze daktari mila yetu. Akaniomba nitoke, niingie tena. Nikatoka, nikaingia, nimeona aibu kama mwizi wa kuku. Khanga ikapanda tena. Daktari akasema basi akili bado ipo, tuombe Mungu. Mke wangu alinishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya kamwe.

Tangu hapo nikawa kipimo. Nilifunga duka langu Majengo kila saa ya kuona wagonjwa, nikaenda kumpimia mtu uhai kwa salamu. Wanawake wa vitanda vya jirani walinitania: "Mkwe huyo, shikeni khanga zenu!" Nami nilicheka, lakini kila nilipofika mlangoni nilisimama kwanza kabla ya kusalimia. Niliogopa. Nilimpenda yule mama, na sikuwa na namna nyingine ya kumwambia.

Kisha akapata homa kali, akalala siku kadhaa hajitambui. Ilipopoa akafumbua macho yote mawili. Akaanza kumeza uji vizuri. Akafinya vidole vya daktari alipoombwa, akaweza hata kukaa akiegemezwa mito. Daktari alifurahi kweli, hakutegemea; hakuna aliyeniita tena kupima kwa salamu, nikabaki dukani. Akaturuhusu tumpeleke nyumbani, na watu wa jumuiya wakaja kusali na kutupa hongera. Katika zogo lile la wageni mimi nilibaki uani na wanaume.

Siku ya pili mke wangu alikuwa nje akifua mashuka. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha mgonjwa nikatoa shikamoo. Alikuwa amekaa, khanga imemwanguka kiunoni, kifua wazi. Aligeuka akanitazama usoni. Miaka yote ile sikuwa nimewahi kuyaona macho yake vile. Nilingoja. Mkono wake mzima ulikuwa juu ya ile khanga, na haukuivuta.

Nikaingia nimeinamisha uso, nikamfunika mwenyewe. Akanidaka mkono, akacheka, cheko la mtoto anayebembelezwa na mtu yeyote yule.

Mke wangu alikuwa ameshafika mlangoni. Alituangalia, mimi na mama yake tumeshikana mikono. Akakaa chini sakafuni akaangua kilio, kile cha msibani hasa, cha kumwita marehemu kwa sifa zake.

Majirani wakaja mbio wamejitanda khanga. Wakamkuta mgonjwa amekaa kitandani, anacheka. Wakatuuliza ni nani aliyekufa.