Kamba Nyekundu ya Velo

Bandugu, juzi minyi nilikuwa mu feti, sherehe ya bamama ba club yetu. Balinunua velo, baiskeli ya kubebea bagonjwa, iko na kitanda nyuma. Balifunga kamba nyekundu juu yake, muntu asiiguse mpaka mukubwa wa serikali afike kuikata. Tunangojea, jua inachoma, mukubwa haonekane.

Mara binti moja mwenye mimba akashika tumbo, akaanguka chini. Maternité, kule banazalishia, iko mbali.

"Mumupandishe ku velo!" nikapiga kelele.

Mama prezida wa club anaangalia barabara. "Yaya, mukubwa atasema nini?"

"Weye, huyu mutoto mu tumbo anajua mukubwa?"

Binti akalia tena. Prezida akainama, akakata kamba na meno. Velo ikaenda mbio, sisi tukabakia roho juu.

Mukubwa njo anafika, makasi mu mukono. "Velo iko wapi?"

Nikajibu minyi: "Papa, ilishaanza kazi."

Tukamunyooshea kipande ya kamba yenye ilibakia, akaikata. Hakuna makofi. Macho yetu yote iko ku barabara, mpaka velo ikarudia, mwenye kuiendesha anapiga kelele: "Alizaa mutoto mwanamuke! Bote bazima!"

Njo tukapiga makofi, bandugu! Na mukubwa akainama, akatushukuru.