Bwawa Nililolifunika

Siku ile kando ya bwawa tulikuwa wanne. Mimi; mke mwenzangu, aliyeolewa na marehemu mume wetu baada yangu, na ambaye hadi leo twala naye sahani moja; mpwa wangu, yaani binti wa mdogo wangu, ambaye ndiye mwenye nyumba ya wageni hapa Likoni; na fundi wake wa bwawa la kuogelea, mtu mzima wa bara. Majina yao ninayo, na ya baba zao pia, ila hawakuomba kuandikwa.

Magoti yangu yalikuwa yamekataa kukunjika. Mwaka mzima nalisali kitini, sijda yangu ni kuinamisha kichwa tu. Daktari akaniambia nitembee ndani ya maji ya vuguvugu. Mpwa wangu akanipa bwawa lake asubuhi, kabla wageni hawajaingia. Lakini ulikuwa mwezi wa saba, kusi lavuma, maji yaliniuma hadi mifupani. Nikatoka magoti yamekaza kuliko nilivyoingia.

Nikasema, "Lifunikeni."

Fundi akacheka. "Nyanya, sasa hata bwawa unalivisha buibui?"

Mke mwenzangu akadakia, "Mwache, fundi. Huyu hata marehemu akimfunika mablanketi mawili, na mtu mwenyewe yuatoka jasho."

"Na hakupata mafua," nikamjibu.

"Mama mkubwa," mpwa wangu akasema, kwa upole ule wa kumnyamazisha mtu mzima, "tukilifunika, jua litaingilia wapi?"

Hapo nikapandisha sauti. Shule nilitoka darasa la pili, lakini maji nayajua. Kwetu tulipotaka maji baridi, mtungi tuliuweka dirishani upepo uupige. Mtungi watoka jasho, upepo wachukua jasho hilo, maji yapoa. "Bwawa lenu ni mtungi uliolazwa chali," nikawaambia. "Upepo waiba joto mchana na usiku, nanyi mwangojea jua! Tafuteni nailoni ipitishayo mwanga, ile ya mapovu ya hewa wanayofungia vyombo visivunjike. Jua lipite, upepo usipite."

Mpwa wangu akaileta, nadhani ili ninyamaze. Fundi akaikata kwa umbo la bwawa, akailaza juu ya maji, mapovu yakitazama chini. Wageni wakitoka tu, bwawa lafunikwa. Nami singii mpaka nailoni yote itolewe, maana mtu akinaswa chini yake haonekani.

Siku ya nne fundi alitumbukiza kipimajoto, akakitazama, akakitumbukiza tena.

"Vipi, fundi?"

"Imepanda," akasema chinichini.

"Nini imepanda?"

"Joto, Nyanya."

"Sema kwa sauti. Mke mwenzangu hasikii."

Alisikia sana. Kesho yake aliingia majini na dera lake, likamvimba kama puto, akadai yeye amekuja kunishika mkono. Hakutoka hadi alipofukuzwa.

Wiki tatu nilitembea mle, kwenda na kurudi. Kisha asubuhi moja nikakiondoa kiti kwenye mswala. Mpwa wangu akasema, "Mama mkubwa, usijilazimishe." Nikapiga takbiri. Nikarukuu. Nikashuka, goti moja, la pili, na paji la uso likagusa chini, wallahi, baridi ya sakafu naisikia mpaka sasa. Nikainuka.

Nimesema wiki tatu. Mke mwenzangu ashikilia ni tano. Huenda na maneno mengine nimeyachanganya. Aliyekuwapo na aniambie, nitasahihisha. Ila asiniambie kwamba niliinuliwa.