Jani la Mkoko Midomoni

Mawifi wawili kupanda mtumbwi mmoja na kurudi wote salama ni jambo la kustaajabisha, na pale gatini, kwenye mlango wa mto, watu hawakuchoka kulitania. "Leo nani anamtosa mwenzake?" waliuliza kila asubuhi. Hakuna aliyetoswa. Mbele alikaa mke wa fundi baiskeli, mwanamke mfupi mwenye macho makali, ambaye wote walimwita Mama Kimya. Nyuma alikaa dada wa huyo fundi, mrefu, mwenye mabega ya kazi, ambaye Mama Kimya hakuwahi kumwita jina lingine ila wifi.

Tena walipatana kweli, si kwa kuzugia watu. Wifi alihamia kwao ndoa yake ilipovunjika, akapewa chumba cha uani kilichokuwa kimejaa rimu na tairi kuukuu, wala hakuwahi kuuliza chumvi iko wapi kwa sauti ya kutafuta ugomvi. Mama Kimya akamfundisha kazi ya kuwatembeza wageni wanaokuja kutazama ndege kwenye mikoko: kuzamisha kafi bila kuyapiga maji, kujua maji yanapoanza kupwa ili msije mkakwama kwenye matope mpaka jua liwababue, na kumwonyesha mgeni ndege kwa kidevu, maana mkono ukinyooshwa tu, ndege huyo hayupo.

Jina la Mama Kimya lilitokana na jani. Ndani kabisa, mahali mikoko inaposhikana juu ya kichwa, kulikuwa na mkono mwembamba wa maji ambao mdomo wake hauonekani mpaka uwe umeshaupita. Humo walikaa korongo wawili, dume na jike, wakubwa ajabu, shingo nyekundu kama tofali, wenye hofu kuliko ndege wote wa mto ule. Kabla ya kuingia humo, Mama Kimya alichuma majani ya mkoko, mazito na yenye chumvi, akampa kila mgeni lake alibane midomoni. Ukisema, linadondoka, na wenzako wanakuona. Watu wazima na vyeo vyao walikaa kama mbuzi waliosahau kutafuna, na yeye mwenyewe na la kwake mdomoni. Kwingine kote watu walipiga soga wapendavyo. Jani lilikuwa la mahali hapo tu.

Na korongo wale walipoanza kubeba vijiti vya kujengea, mkono ule ulifungwa. Hakuingia mgeni, hakuingia yeye, mpaka makinda yaruke. Aliwapenda ndege wale kwa namna asiyoweza kumweleza mume wake bila kuchekwa. Mwaka uliotangulia dhoruba iliangusha kiota chao, akakosa hamu ya kula. Mwaka huu walijenga tena, na siku za mwisho kabla ya kufunga aliwaona wakigusana midomo juu ya vijiti. Njia ya kufika pale aliijua yeye na wifi, basi. Hata mumewe alikuwa haijui.

Kisha Mama Kimya akaugua homa. Wifi akampikia uji, akamkanda miguu, akamfunika shuka mbili. "Wewe lala, wifi yangu. Wageni niachie mimi." Akaomba na panga la jikoni, eti kuna matawi yameziba pale gatini. Panga lilikuwa butu, na wifi kunoa hakujui. Mama Kimya akajikongoja, akakaa kitandani na jiwe la kunolea, jasho likimtoka, akalinoa mpaka likakata unywele.

Siku aliyorudi kazini, wageni walikuwa wanne. Mmoja, mwanamke mwenye kofia pana na darubini shingoni, alikuja kama mtu aliyefika kwao. Hakungoja kuambiwa. Akainama kwenye mkoko wa pembeni, akachuma jani, akalibana midomoni, akamkonyeza Mama Kimya.

Mama Kimya alitabasamu kwanza. Halafu tabasamu likamkauka.

"Dada, hilo jani umefundishwa na nani?"

Mwanamke akalitoa mdomoni akicheka. "Si huyu mwenzako? Wiki ile alitupeleka kwa wale korongo wenye makinda. Matawi yalikuwa yanatuziba, akatukatia, tukapiga picha, we acha tu! Leo nimewaleta rafiki zangu nao wawaone."

Nyuma ya mtumbwi wifi alikuwa anachota maji yaliyoingia na kuyamwaga nje kwa kopo. Kopo likasimama.

"Tungojeeni kidogo," Mama Kimya akawaambia wageni. Akaingia mtumbwini. "Wifi, piga kafi."

Wakaenda. Kwenye mdomo wa ule mkono Mama Kimya alinyoosha mkono kuchuma jani, kwa mazoea, kisha akaushusha. Hapakuwa na haja. Mbele yake palikuwa na uwazi mkubwa wa anga ambao haukuwahi kuwapo, na vishina vya matawi vimekatwa kwa pigo moja moja, safi kabisa. Aliijua mikato ya panga lake. Kiota kilikuwa juani, wazi, na kunguru watatu walikuwa wamekikalia kama wenye nyumba. Chini kwenye matope kulikuwa na bawa dogo lenye manyoya machanga. Korongo hawakuonekana, wala mkubwa wala mdogo.

Mama Kimya alilia. Hakujificha.

"Niliwapa majani," wifi akasema taratibu. "Wote walinyamaza, kama ulivyonifundisha. Sikujua kama kunguru—"

"Ulijua."

Wifi akaweka kafi mapajani. Kisha akasema, "Nilijua."

"Walikulazimisha?"

"Hapana."

"Sasa kwa nini? Wifi, kwa nini? Mimi niko kitandani nakunolea panga!"

Wifi aliangalia maji. Alipojibu, sauti yake haikuwa ya kuomba msamaha. "Walinipigia makofi. Wakaniita mwongozaji. Miaka yote hii wewe ndiye Mama Kimya, wanakushika mkono wewe, wanapiga picha na wewe, mimi ni mgongo wa nyuma unaosukuma. Nilitaka mara moja tu nao waniangalie mimi. Na nilikuwa sina kingine cha kuwaonyesha."

Mama Kimya angejua la kusema kama mwenzake angekuwa mwongo, au mlafi, au mjinga. Huyu alikuwa wifi yake, aliyemkanda miguu, na alikuwa ameingia humo akijua. Aligeuka akatazama mbele. Alijisikia kama mtu aliyeibiwa na mkono uliokuwa ukimlisha.

Wakarudi gatini. Wageni walikuwa bado wanangoja, na kazi ni kazi. Akawapakia, akawapeleka kwenye mchanga mweupe wanakokula ndege sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, akawaonyesha mdiria juu ya nguzo na yangeyange waliotapakaa kwenye matope. Yule mwenye kofia aliuliza habari za korongo, akaambiwa wamehama. Mtumbwi ulipokunja kona, Mama Kimya alivuta kafi upande mmoja, na wifi nyuma akavuta upande wa pili papo hapo, bila kuagizwa, kama walivyofanya miaka yote. Hawakusemezana kwenda wala kurudi.

Wakati wa kushuka, mgeni mmoja mzee akawashika mikono wote wawili, mmoja huku, mwingine huku, kwa furaha.

"Mnajua kilichonipendeza kuliko hata ndege?" akasema. "Nyinyi wawili. Mnaelewana bila hata kusema."

Mama Kimya akautoa mkono wake polepole.

"Ndiyo," akasema. "Ni wifi yangu."